Shangazi, Kila Tukicheza Tunanuniana

Maswali yenu ya mwezi huu yamefanana, nikaona niyaweke sehemu moja: gemu za kucheza watu wawili, chumba kimoja, upande mmoja. Wageni wa ukurasa huu wajue tu kwamba niliendesha kibanda cha gemu Ngamiani, Tanga, kuanzia 2006 hadi 2015, na watoto wa barabara ya 8 wananiita Mama Gemu mpaka leo, ingawa wengine wana ndevu.

*

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, naishi Tabata. Mwezi wa pili nilinunua PS4 ya mtumba, ikaja na pedi mbili na CD ya mpira, FIFA 19. Rafiki yangu wa tangu darasa la tatu anakuja kila Jumamosi jioni tunacheza. Shida ni kwamba tunamaliza vibaya. Jumamosi moja nilimfunga 6-0, nikacheka, nikapiga picha matokeo nikaweka status. Hakuja wiki tatu. Alipokuja hakugusa pedi, akakaa anaangalia simu yake. Nasikia kuna gemu za kucheza nyote wawili dhidi ya kompyuta. Ni zipi, na zinatufaa watu wazima? Halafu pedi moja inajitembeza, mchezaji anakwenda kushoto hata usipomgusa. Hela sina nyingi. — Wa Tabata

Marahaba, mwanangu. Status yenyewe ilishafutika baada ya saa 24, lakini mwenzio bado anaiona. Mtake radhi kwanza, kwa mdomo, kabla hujawasha mashine. Huko kwenye gemu tutakuja.

Nikupe kisa. Kibanda changu kilikuwa na TV nne za chogo, PS2 nne, feni moja, na sheria moja ambayo sikuitunga mimi, niliikuta: anayefungwa analipa. Mechi shilingi 200. Mimi nakaa mlangoni kwenye stuli, kopo la chenji mapajani, na sheria ile ilinifaa sana, maana aliyefungwa anataka kurudishia, na anayetaka kurudishia hahesabu hela. Lakini tazama ilivyowafanya watoto. Mtoto ana mia mbili ya mihogo ya saa nne. Akifungwa halilii bao, analilia mihogo. Atacheka saa ngapi? Ninyi leo hamlipani, ila mmekulia humo humo vibandani. Mkishika pedi tu, mwili unajua kwamba mmoja wenu lazima atoke na hasara.

Sasa likizo moja ya Juni wakaja watoto wawili niliowajua kwa ugomvi. Walikuwa na mia mbili moja, ya wote wawili, wameichanga sijui wameiokota. Wamesimama mbele yangu wanabishana: akifungwa huyu atalipa nini, kama hela yenyewe nusu ni ya yule? Kichwa kikaniuma. Nikawaambia wekeni pedi zote upande mmoja mcheze na kompyuta, mnipishe.

Pale kwenye kuchagua timu, unajua, alama za pedi zinakaa katikati, kila mtu anaisukuma yake kushoto au kulia. Wote wakasukuma kushoto. Dakika za mwanzo zilikuwa vurugu tupu: wawili wanaukimbilia mpira mmoja, nyuma pako wazi, wakapigwa bao la kijinga. Kisha nikasikia maneno ambayo TV ile ilikuwa haijawahi kuyasikia. "Nipe." Kimya kidogo. "Nipo pembeni huku, nipe." "Subiri… subiri… sasa!" Kabla ya siku hiyo maneno ya TV ile yalikuwa matusi na madeni. Wakafungwa 2-1. Wakatoka wameshikana mabega wanamtukana kipa wao.

Kwa hiyo usinunue kitu bado. Anza na CD hiyo hiyo. Jumamosi, pedi zote upande mmoja, chagueni timu ya kawaida, msichukue ile yenye majina makubwa, kisha pandisheni ugumu mpaka muwe mnafungwa mechi moja katika tatu. Mkishinda zote mtachoka kabla ya saa mbili usiku. Na muelewane mapema: mwenzio akiwa na mpira, wewe usiukimbilie, kimbilia nafasi. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, na hata mimi nilishindwa miezi mizima, maana mkono unawasha.

Hela ikipatikana, kwa watu wazima wawili nitakutajia mbili tu. Ya kwanza ni Resident Evil 5, ya mwaka 2009, ambayo kwenye PS4 ilitoka 2016. Kioo kinagawanywa, kila mmoja na kipande chake. Risasi ni chache na mnagawana: yeye ana za bastola, wewe una dawa, mnapeana mkononi. Mmoja akizidiwa, anaanza kuyumba, na mwenziwe ana sekunde chache za kumfikia amwinue. Akichelewa, mmekufa wote. Hakuna cha "umeniangusha" hapo, kwa sababu aliyeanguka na aliyechelewa wanarudi mwanzo pamoja. Nikuonye tu kwamba mandhari yake yalilalamikiwa sana hata kabla haijatoka, namna ilivyowachora Waafrika, na malalamiko yale yana haki. Halafu kuna kituko: wameweka kisa kwenye nchi ya kubuni ya Afrika Magharibi, lakini maadui wanaitwa Majini na wanapiga kelele kwa Kiswahili. Mara ya kwanza kuisikia niliangalia dirishani nikidhani ni barabarani kwetu.

Ya pili ni It Takes Two, ya 2021, iliyotengenezwa Sweden na studio ya Hazelight chini ya Josef Fares, ambaye kabla ya gemu alikuwa mtengeneza filamu. Mwaka huo huo ilichukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Hii huwezi kuicheza peke yako hata ukitaka. Haina mlango wa mtu mmoja. Wanandoa wanaotaka kuachana wanageuzwa vikaragosi vidogo, na njia ya kurudi wanaitafuta kwenye nyumba yao wenyewe. Mwanzoni tu, kwenye banda la vifaa, mwanamume anapewa misumari na mwanamke anapewa nyundo. Wewe unarusha msumari ukutani, mwenzio ananing'inia kwa nyundo kwenye msumari ule na kuruka ng'ambo. Ukirusha mapema, anaanguka. Akiruka mapema, anaanguka. Na baada ya sehemu ile mnapewa vitu vingine kabisa, kwa hiyo hata yule hodari anarudi kuwa mwanafunzi kila baada ya saa moja au mbili. Kwa rafiki aliyefungwa 6-0 hiyo ni dawa kuliko radhi yenyewe. CD ni moja tu, haihitaji mwenzio awe na yake.

Pedi inayojitembeza: chini ya analogi, kile kijiti cha kidole gumba, kuna visensa vinavyosagika kwa matumizi na vumbi, vikisagika pedi inadhani unasukuma. Dawa ya kupuliza inasaidia kwa muda. Fundi anayejua kuchomea risasi atakubadilishia analogi nzima, na mara nyingi ni nafuu kuliko pedi mpya. Ukiamua kununua, usiuziwe ya PS3 kwa sababu umbo linakaribiana. Haitacheza kwenye PS4.

*

Shangazi, shikamoo. Mume wangu ana gemu, na si mtu mbaya, ananiita mwenyewe tucheze. Lakini nikikosea mara mbili ananipokonya pedi: "Ngoja nikuvushe." Ananivusha, halafu anasahau kunirudishia. Najikuta nimekaa na sahani ya karanga namtazama mpaka saa sita usiku. Nataka kucheza naye, sitaki kuwa mtazamaji. Mimi kweli ni mzito, nakiri. — Mke wa Mcheza Gemu, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Uzito wako tutauzungumza, lakini kwanza nikwambie kwamba nimevushwa sana katika maisha yangu.

Mwaka 1996 kaka yangu alileta mashine ya kaseti, zile za kuiga Famicom ya Nintendo, tukaichomeka kwenye TV ya jirani. Tukawa tunacheza Contra, wanajeshi wawili, mmoja suruali ya buluu, mmoja nyekundu. Mimi nyekundu. Steji ya tatu ni maporomoko ya maji: mnapanda juu, jiwe kwa jiwe. Na kioo ni kimoja. Anayepanda haraka anakivuta kioo juu, na aliyebaki chini, ukingo wa kioo ukimpita, amekufa. Hakupigwa risasi, hakuguswa na adui. Amekufa kwa sababu mwenzake ana haraka. Kaka anaruka, anaruka, anaruka, mimi naishia. Narudi, anaruka, naishia. Roho zangu zote ziliishia maporomokoni, na yeye akiniambia "Wewe dada hujui gemu." Tulipojua ile namba ya siri ya roho 30, juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, kilichobadilika ni kwamba sasa nilikufa mara nyingi zaidi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na kibanda, ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa mbovu kiasi kile. Gemu ndiyo iliyompa kaka usukani wa kioo. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kuhusu gemu yoyote ya watu wawili ni hili: mmoja akiwa mwepesi kuliko mwenziwe, nini kinatokea? Kwenye gemu nyingi za Lego, mkiachana mbali kioo kinajikata katikati, kila mtu na upande wake, na mkikaribiana kinajiunga tena. Na huko hakuna kufa kwa kweli, unadondosha vidude vyako na kuinuka. Kwenye Unravel Two, ya 2018, mnakuwa vidoli viwili vya uzi vilivyofungwa pamoja kwa uzi huo huo, na palipo pagumu mmoja anaweza kumbeba mwenziwe. Ananivusha, ndiyo, lakini pedi yangu iko mikononi mwangu na kwenye mruko unaofuata naweza kushuka mgongoni.

Uzito wako sasa. Hebu niambie, hushindwi pale unapotakiwa kutembea na kijiti cha kushoto na wakati huo huo kuangalia huku na huku kwa kijiti cha kulia? Nimewatazama mamia wakishika pedi kwa mara ya kwanza, na karibu wote wanakwama hapo hapo. Wanatembea wakitazama mbingu. Wanazungukia ukuta. Mcheza gemu wa siku nyingi amesahau kabisa kwamba hilo liliwahi kuwa gumu, ndiyo maana mumeo anakuona mzito. Basi usianzie gemu za kuzungusha macho. Anzia zile ambazo kioo kimekaa pale pale na unaona chumba chote kutoka juu.

Na hapo nina moja ninayoipenda kuliko zote, Overcooked, ya mwaka 2016, iliyoanzishwa na Waingereza wawili tu. Ya pili yake ilitoka 2018. Mnakuwa wapishi. Oda zinaingia kwa juu, kwa picha, hazihitaji kusoma: supu ya vitunguu, supu ya nyanya, baga. Mmoja anakata, mmoja anaweka jikoni, sahani ziletwe, sahani zioshwe, na chungu ukikisahau kinawaka moto. Jiko lenyewe halitulii: mara limegawanyika kwenye malori mawili yanayokwenda, mara ni vipande vya barafu vinavyoelea. Dakika chache, nyota kuanzia moja hadi tatu, mmemaliza.

Nilimuita jirani yangu, muuza vitumbua, mama wa miaka hamsini na kitu ambaye pedi kwake ilikuwa kitu cha dukani cha mabinti. (Ndiyo, tulicheka kwanza kuhusu neno hilo, kisha tukaendelea.) Nilikaa naye mimi, kijana wangu wa miaka 16 akiwa nyuma yetu na kicheko tayari mdomoni. Mchezo wa kwanza tuliunguza kila kitu. Jirani hakupokonywa pedi na mtu. Akaitazama ile meza ya kwenye kioo kwa muda, akaweka pedi chini, akasema: "Wewe unanipita mbele sana. Kaa huko kwenye kukata, usivuke huku. Mimi nina jiko na sahani. Ukikata, niwekee hapa ukingoni, usinisubiri." Mtu huyu kila alfajiri ana karai la vitumbua, sufuria ya chai na mteja mwenye haraka ya daladala. Kukata kwangu kulikuwa kwa haraka, lakini haraka yangu ilikuwa inamwekea vitunguu njiani. Tukarudia. Nikawa sisemi kitu ila "nyanya", "nyanya", na yeye anaita "sahani!" tu. Nyota mbili. Kijana wangu akaomba kuchukua nafasi yangu, jirani akakataa.

Mpe mumeo nafasi ya kukata. Ninasema kweli. Yeye akate na kuosha, wewe uwe jikoni uite. Mcheza gemu akipewa amri na mtu anayeona kitu asichokiona yeye, anatulia, nimeona mara nyingi. Na wekeni sharti moja kabla ya kuwasha: pedi haipokonywi. Akitaka kukuvusha, akuvushe kwa mdomo. "Ruka sasa," "ngoja lipite," "mwachie huyo mimi." Ukifa, umekufa, mnarudia. Asipoweza kukaa kimya mikono ikimwasha, akalie mkono mmoja. Nilishawafanyia hivyo watoto wa Ngamiani na hakuna aliyevunjika.

Pedi ya pili ikiwa mbovu, Overcooked inakubali watu wawili kwenye pedi moja: mmoja ashike nusu ya kushoto, mwingine ya kulia, mmekaa mabega yamegusana. Wa Tabata naye asome hapa. Nyinyi wanandoa labda mtaipenda hata pedi zikiwa mbili.

*

Mama Gemu, GTA V tunaweza kucheza wawili kwenye TV moja? Muuza CD kaniambia inawezekana. — Mwanza

Hapana. Amekudanganya, au kadanganywa. GTA V haina kucheza wawili kwenye kioo kimoja. Huyo mwenzio angehitaji mashine yake na intaneti. Na siku hizi ni gemu nyingi kubwa ziko hivyo, kwa sababu kugawa kioo ni kuilazimisha mashine ichore dunia mara mbili kwa wakati mmoja. Ukinunua, soma nyuma ya kasha panapotajwa idadi ya wachezaji. Pakitajwa wachezaji wa mtandaoni peke yao, rudisha kwenye rafu.

Ila kama kuna PS2 mahali inakula vumbi: GTA San Andreas ile ya 2004 ilikuwa na kucheza wawili. Mtaani mle kuna alama ya watu wawili inayozunguka hewani; ukiingia juu yake na pedi ya pili imechomekwa, mwenzio anatokea. Hamwezi kuachana mbali, kioo ni kimoja. Mtoto aliyeigundua kibandani kwangu alinificha siri hiyo wiki nzima, akawa anaiuza kwa wenzake kwa peremende.

*

Shangazi, shikamoo. Mimi na ndugu yangu twakaa chumba kimoja hapa Kisauni, Mombasa. Hatuna TV wala PlayStation, tuna simu moja nzuri na kabambe moja, ile simu ndogo ya vitufe. Twataka kitu cha kucheza pamoja usiku, si kupokezana simu. Babu yetu alikuwa akicheza dhumna barazani wawili wawili, nasi twataka mambo kama hayo. — Wa Kisauni

Marahaba, mwanangu. Umetaja mfano wenyewe. Dhumna ya wawili wawili, mwenzio kakaa mbele yako, mawe yake huyaoni, na lazima umjue anacho nini kwa anavyocheza na anavyosita. Babu yako angeipenda hii nitakayokwambia, lau kama angevumilia kelele.

Inaitwa Keep Talking and Nobody Explodes, imetengenezwa Ottawa, Kanada, ikatoka 2015, na kwenye simu ilikuja 2019. Ya kulipia, lakini inalipiwa mara moja kwenye simu moja. Mmoja anashika simu: ameona bomu, lina saa inayorudi nyuma, bomu la kwanza dakika tano. Mwingine haoni simu kabisa. Ana kitabu cha maelekezo cha kurasa 23, ambacho unakipata bure na kukichapa saiba. Mwenye bomu hajui kulitegua, mwenye kitabu hajui bomu likoje. Kaeni mgongo kwa mgongo, taa upande wa mwenye kitabu.

Inakwenda hivi. "Nina waya tatu." "Rangi?" "Buluu, nyeusi, njano." "Nyekundu hakuna?" "Hakuna." "Kata wa pili." Hiyo ndiyo rahisi. Kisha inakuja ile ya vitufe vinne vyenye maandishi ambayo si ya lugha yoyote unayoijua, na lazima uyaeleze kwa maneno. Mimi na mpwa wangu tumeshajitungia majina: kimoja puto, kimoja buibui, kimoja ulizo la kichwa chini, na kimoja tunakiita pua ya boga, usiniulize kwa nini. Mgeni akitusikiliza nje ya dirisha atadhani tunapiga ramli. "Puto, halafu pua ya boga!" "Buibui unaye?" "Ninaye!" Ukikosea, saa inaanza kukimbia zaidi, na kosa la tatu ndiyo basi.

Kitabu ni cha Kiingereza. Watu huliona hilo kama kikwazo, mimi naliona ndiyo utamu. Mwenye kitabu anasoma Kiingereza na kukigeuza Kiswahili hapo hapo mdomoni saa ikienda, na sharti moja refu lenye "la sivyo" tatu ukiligeuza vibaya, bomu linawalipukia nyote. Kwa hiyo msipeane kitabu kwa umri, mpeni anayesoma polepole. Mpwa wangu anasoma haraka na tumelipuka sana.

Mkichoka, badilishaneni. Kabambe yenu iwe ya tochi.

*

Mama Gemu, tumenunua TV mpya ya bapa, kubwa, lakini nikibonyeza kuruka mchezaji anaruka baadaye. Rafiki yangu anasema nimezeeka. — Morogoro

Hujazeeka. TV za bapa zinaipamba picha kwanza ndipo zionyeshe, na kupamba kunachukua muda. Ingia kwenye mipangilio ya picha utafute hali ya gemu, uiwashe. Rangi zitapauka kidogo, kuruka kutarudi mahali pake. Hakikisha umeiwasha kwenye tundu lile lile la HDMI ulilochomeka mashine, maana TV nyingi zinakumbuka kila tundu na mpangilio wake. Ukikwama, mkabidhi rimoti mtoto wa darasa la tano yeyote aliye karibu. Na huyo rafiki yako, muwekeni siku moja acheze kabla hujaiwasha hali hiyo, wewe ukiwa umekaa pembeni na karanga.